Waombe Mapema? Timu Yenyewe Haijachaguliwa

Kuna wanaotuambia wanariadha wanaokwama kwa sababu ya viza wajilaumu wenyewe: wangeomba mapema. Mapema lini? Mchujo wa Kenya wa mashindano ya dunia ya 2022 ulifanyika Kasarani mwishoni mwa Juni. Mbio zenyewe zikaanza Eugene, Marekani, Julai 15. Ferdinand Omanyala, mwenye rekodi ya Afrika ya mita 100, sekunde 9.77, alipata viza siku moja tu kabla. Alifika saa chache kabla ya kuitwa uwanjani, akakimbia, akafuzu, kisha akaishia nusu fainali. Na huyo anajulikana dunia nzima!

Sasa mchukue kijana wa mashambani, Matiliku, anayejifua kwenye vumbi la Nzaui. Atafute pasipoti, alipe ada ya dola 185 isiyorudishwa, apande matatu hadi Nairobi, kisha kwenye ubalozi wa Marekani, Gigiri, aulizwe ana mali gani ya kumrudisha nyumbani. Ana miaka 19. Shamba ni la babake. Kukagua wageni ni haki ya kila nchi, sikatai. Lakini aliye kwenye orodha ya timu ya taifa apewe foleni yake, na jibu ndani ya siku tano.