MASHINI NI YETU, HATUTAIPANGA KAMA NYUMBA

Wandugu, tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kulinda Windows 10. Mwenye kutaka mwaka mmoja zaidi aliambiwa alipe dola 30, ama awaachie mipangilio ya mashini yake katika akaunti yao. Windows 11 nayo inakataa ordinateri za zamani, zile zile za okazyo tunazonunua huku. Office nayo inauzwa pia kwa malipo ya kila mwezi. Koltani itoke Rubaya, halafu tulipie tena?

Wengine wanacheka: « Sisi tunaweka ya wizi, haitugusi. » Inatugusa sana! Ya wizi ndiyo inatufunga: virusi vinakula TFE ya mtu usiku wa mwisho, na bado hatujui kutumia kitu kingine. Tusidanganyane, watu hawahami juu wamezoea, si juu hakuna njia.

Njia iko. Linux Mint na Ubuntu ni bure. Mmoja wetu anapakua, kumi wanakopi kwa fulashi, forfe haiishi.

Kwa viongozi wa univasite tunadai jambo moja: mupokee TFE zilizoandikwa na LibreOffice, kuanzia mwaka huu.