Mtoto Aliyeumia Kichwa Si Mvivu

Ndugu wazazi, kijiji chetu cha Mtae kimekaa ukingoni mwa genge, na kuumia kichwa si jambo geni kwetu. Mtoto huteleza akitoka kutafuta kuni, huanguka kutoka kwenye mti wa mapeasi, au hurushwa na pikipiki kwenye kona za barabara ya Lushoto. Akizinduka, akala na kutembea, tunasema amepona. Baada ya miezi mwalimu analalamika kuwa hashiki masomo, na mzazi anachukua fimbo. Nasema tunamwonea.

Wanyama wametuonyesha sababu. Mwaka 1981 mtaalamu wa Uingereza, Richard Morris, alieleza jaribio rahisi. Panya huwekwa katika dimbwi la maji yaliyotiwa maziwa. Chini kidogo ya maji hayo kuna kijukwaa cha kusimamia, lakini hakionekani. Panya mzima hukitafuta, na baada ya siku chache hukiendea moja kwa moja. Baadaye wataalamu walilitumia jaribio hilo kwa panya waliopigwa kichwani wakiwa wamelazwa kwa dawa ya usingizi. Panya hao waliweza kuogelea, lakini walichelewa sana kukipata kijukwaa, na ya jana waliyasahau. Ilikuwa imeumia sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, ambayo husaidia kuhifadhi mambo mapya. Binadamu naye anayo.

Basi mtoto anaweza kuwa mzima wa mikono na miguu huku kumbukumbu yake ikiwa na jeraha. Fimbo haiponyi jeraha. Utafiti wa mwaka 1996 ulionyesha kuwa panya walioumia wakawekwa pamoja na wenzao, penye vitu vingi vya kuchezea, walijifunza vizuri kuliko waliokaa katika vizimba vya kawaida. Mtu si panya, lakini funzo lipo. Siku za mwanzo mtoto apumzike. Kisha arudi shuleni polepole, apewe masomo mafupi, arudiewe mara nyingi, wala asitengwe na wenzake. Mwelezeni mwalimu kwamba aliumia.

Aliyepoteza fahamu, anayetapika mara kwa mara, mwenye degedege au anayesinzia kupita kiasi apelekwe hospitali mara moja, asingoje kesho. Na kwenye pikipiki kila mmoja avae kofia ngumu iliyofungwa kidevuni, mtoto pia.

Kabla ya kumwita mtoto mjinga, tumwulize kwanza kama aliwahi kuanguka.