Wana Tunduma, Vidole Vyetu Vitaua Mtu

Wiki iliyopita niliona umati pale Sogea ukimzingira kijana anayetembeza vyombo. Kosa lake ni ugeni na mfuko mkubwa. Asubuhi hiyo sauti ya mwanamke anayelia ilikuwa imezagaa kwenye magrupu ya WhatsApp: watoto wanaibwa, wanavushwa hadi Nakonde, Zambia. Ukiisikiliza hadi mwisho, mama huyo anataja mtaa ambao haupo kabisa Tunduma. Nani aliisikiliza hadi mwisho? Mama ntilie mmoja akamvuta kijana kibandani, akasimama mlangoni na mwiko mkononi. Nje, watu wazima na heshima zao walikuwa wanarekodi!

Sababu tunazijua: hofu, bando, na utamu wa kuwa wa kwanza kutuma. Hofu yenyewe ina mizizi. Wenye umri wangu hawajasahau watu waliochunwa ngozi Mbozi. Lakini kumbukeni pia Chamwino, Oktoba 2016. Watafiti wawili wa udongo na dereva wao waliuawa kwa kudhaniwa wanyonya damu.

Sisemi tutupe simu. Dereva wa lori anaijua foleni ya mpaka kabla hajafika Mpemba, mchuuzi anaulizia kwacha imefika ngapi akiwa bado kitandani. Intaneti ilipozimwa nchini Oktoba 2025, wote tulionja upweke wa kuikosa. Chombo kinachotulisha ndicho tunachokigeuza panga.

Mwaka 2018, baada ya watu kuuawa India kwa uvumi kama huu wa watoto kuibwa, WhatsApp walipunguza idadi ya watu au magrupu unayoweza kuyatumia ujumbe uliotumiwa na mwingine; 2019 wakaweka kikomo cha mazungumzo matano duniani kote. Sisi tukakwepa: tunapakua, tunatuma upya kama yetu.

Basi tuanze nyumbani. Sauti isiyo na jina, mtaa na tarehe isitoke kwenye simu yako. Mpigie aliyekutumia, umuulize: umeona mwenyewe? Akijibu "nimetumiwa tu," iishie hapo. Maadmin, msijifiche nyuma ya "grupu ni la wote." Futeni, kisha mseme hadharani kwamba ni uongo, maana kufuta kimyakimya kunawaacha walioisikia na hofu yao. Mtoto akipotea kweli, polisi kwanza, mwenyekiti wa mtaa pili, grupu baadaye, tena kwa picha yake na namba ya mzazi. Wachungaji na mashehe nao walisemee jambo hili, watajua namna.

Msingoje Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 iwafikishe mahabusu. Nawaomba, na kama kuomba hakutoshi nawalaumu: aliyebonyeza "tuma" asubuhi ile alikuwa kwenye umati ule hata kama alikuwa kitandani Majengo.

Grupu la mtaa wetu linaanza masharti haya Jumatatu. La kwenu linaanza lini?