Uliza jina, usiulize anwani

Hivi, watu elfu moja wa Dar es Salaam wakitaka kutazama video ileile usiku mmoja, intaneti inajua kwamba ni video moja? Haijui. Inachojua ni anwani ya seva, basi. Video inaweza kuvushwa baharini mara elfu moja. Makampuni makubwa yameweka seva za nakala karibu na wateja wao. Gazeti dogo la mkoani je?

Mwaka 2009 Van Jacobson na wenzake wa maabara ya PARC kule California walichapisha wazo la kuuliza kwa jina la kitu, siyo anwani ya mashine. Ruta yoyote njiani yenye nakala inajibu yenyewe.

Wazo tamu, ila ruta itakumbuka majina mangapi? Leo ruta kubwa zinashika njia takriban milioni moja. Majina ya vitu ni mabilioni. Na kujaa tumeshakuonja: tarehe 12 Agosti 2014 njia zilipita 512,000, ruta za zamani zikaishiwa nafasi, mtandao ukayumba sehemu kadhaa duniani.

Wapo wanaosema tuongeze kumbukumbu tu. Mimi sikubaliani nao. Kumbukumbu ya kasi ya ruta ni ghali na inakula umeme. Watakaoimudu ni walewale wenye pesa.

Dawa ni kupanga majina. Karani wa posta Dar hahitaji kujua mtaa wako Songea. Anaweka barua kwenye mfuko wa Songea, wa huko watamalizia. Jina likianza na mchapishaji, kisha mwaka, kisha habari, ruta ya mbali inakumbuka mwanzo tu. Kasoro ipo: nakala iliyohifadhiwa nje ya njia hiyo haitajulikana. Hapo ruta za jirani zipeane muhtasari wa vilivyomo kwa kichujio cha Bloom, mbinu ya mwaka 1970. Kinachukua nafasi ndogo. Kikisema kitu hakipo, kweli hakipo. Kikisema kipo, mara mojamoja kinakosea, unauliza kwingine.

Haya siyo mambo ya maprofesa peke yao. Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika, Tanzania ikahangaika. Nakala iliyopo hapahapa nyumbani haihitaji mkongo. Swali ni kama itakuwa haki ya kila mchapishaji, au ya wenye seva zao tu. Mnasemaje?