ETI MAJI NA USINGIZI? TUAMBIANE UKWELI KUHUSU SINDANO ZA USO

Leo sileti ubuyu. Yaani ubuyu upo kidogo, ila kikubwa nimekuja kukiri kosa, kwa hiyo nivumilieni.

Mnakumbuka mwaka jana niliandika kuhusu yule staa wetu ambaye kila picha anatoka hana hata mstari mmoja usoni? Simtaji, na ukimtaja kwenye komenti nafuta. Niliandika siri yake ni maji mengi, matunda na kulala mapema. Aliyasema mwenyewe kwenye mahojiano, mimi nikayabeba kama yalivyo, nikaweka na picha nne. Laiki zikamiminika. Moyoni nilijua. Mtu ana miaka thelathini na kitu, anacheka mpaka machozi yanamtoka, halafu paji la uso limetulia kama kioo? Hayo si maji jamani.

Sasa kuna msomaji wangu mmoja, mdada wa miaka 24. Akanitumia meseji: "Dada, nimekunywa maji miezi miwili, mbona ndita zangu haziondoki?" Nikacheka, nikamrudishia kikatuni cha kucheka, basi. Ukweli akaja kuambiwa saluni. Kuna mtu anapita na mkoba wake, anachoma watu sindano kwenye chumba cha nyuma, pale pale wanapooshea nywele. Bei ikashuka kidogo, mdada akakaa kwenye kiti. Zilikuwa zimebaki siku kumi kabla ya sendofu yake.

Siku ya tano kope la juu la jicho la kushoto likaanza kushuka. Likashuka mpaka jicho likabaki nusu. Siku ya sendofu bibi harusi kakaa ukumbini usiku na miwani ya jua. MC hajui kitu, akamtania mbele ya upande wa mume kwamba bibi harusi ana usingizi au anaringa? Watu wakacheka. Yeye akaenda chooni kulia. Jicho lilirudi lenyewe baada ya wiki kadhaa, ila sendofu hairudiwi, na picha ndo hizo.

Ameniruhusu niandike, jina hapana. Saluni na mtu wa mkoba nawaacha pia. Mimi ndo siwezi kujiacha, maana ningemjibu ukweli siku ile, angalau angejua anaingia kwenye kitu gani.

Sasa tuelewane hiyo sindano ni nini, maana wengi tunaongea tu. Botox ni jina la biashara la kampuni moja, kama tunavyoita kila dawa ya meno Colgate. Ndani yake kuna sumu inayotengenezwa na bakteria, yule yule anayeweza kuingia kwenye chakula cha kopo kilichofungwa vibaya akalaza mtu hoi. Kwenye sindano inawekwa kidogo sana na kwa kipimo. Kazi yake ni kuzuia ujumbe wa neva usifike kwenye msuli. Msuli haupati amri, unalegea, na ngozi iliyo juu yake haikunjiki. Inaanza kuonekana baada ya siku chache, inakolea kama wiki mbili, halafu inaisha miezi mitatu mpaka minne. Ikisambaa kidogo ikafika kwenye msuli unaoinua kope, ndo yanatokea ya yule mdada.

Na niseme haki, hii si dawa ya kichawi wala si dawa ya uhuni. Marekani waliiruhusu mwaka 1989 kwa magonjwa ya macho, kwa watu wenye makengeza na wale ambao macho yanajifumba yenyewe bila kutaka. Kwa ndita za katikati ya nyusi waliiruhusu mwaka 2002. Kuna watu inawasaidia kipandauso, kuna watu inawasaidia jasho la kwapa lililopitiliza. Hata kwa urembo, kuna taarifa ya kitabibu ya mwaka 2006 kuhusu mapacha wa kufanana. Mmoja alichomwa mara kwa mara kwa miaka 13, mwenzake mara mbili tu. Yule wa mara kwa mara alikuwa na mistari michache zaidi. Kwa hiyo anayekutisha kwamba ukichoma sura itakuja kuporomoka yote, anakudanganya kama mimi nilivyodanganya na maji yangu. Ila mapacha wawili si mji mzima, na walikuwa mikononi mwa madaktari. Hakukuwa na mtu wa mkoba pale.

Tatizo langu mimi ni neno "mara kwa mara". Hilo ndo hakuna anayelisema. Piga hesabu. Dawa inaisha miezi mitatu au minne, maana yake angalau mara tatu kwa mwaka. Ukianza na miaka 24 mpaka 44, hizo ni safari 60 za sindano usoni. Sitini! Ukiulizia bei unaambiwa ya siku moja, hakuna anayekutajia ya miaka ishirini.

Na msuli usiotumika unapungua. Umeshaona mtu katolewa P.O.P mguuni? Mguu mmoja unatoka mwembamba kuliko mwenzake. Misuli ya uso nayo ikilazwa tena na tena kwa miaka inaweza kusinyaa. Misuli ya jirani inabaki inafanya kazi, ndo maana unaona wengine nyusi zimepanda pembeni kama mtu anayeshangaa muda wote, hata kwenye msiba. Wachache mwili wao unaizoea dawa, unatengeneza kinga dhidi yake, na siku moja inagoma kufanya kazi kabisa. Hatari hiyo inaongezeka kwa wanaochoma dozi kubwa na kwa kufuatanisha.

Ukiacha, ndita zako zinarudi pale pale ulipoziacha. Kinachobadilika ni jicho lako. Umeshazoea kujiona kioo, sasa uso wako mwenyewe unauona kama ugonjwa. Hayo ndo madhara ya muda mrefu ninayoyaogopa mimi kuliko yote, na hakuna daktari wa kuyapima. Yule mdada jicho lilipopona tu, mnajua aliniuliza nini? "Dada, ndita zimeanza kurudi, nichome wapi salama?" Baada ya yote yale!

Kuna kingine. Nimelelewa na bibi. Bibi hakuwa mtu wa kelele wala fimbo. Akikunja ndita tu, unaweka chini ulichoshika. Akizikunjua, unajua umesamehewa. Uso wake tulikuwa tunausoma kama ubao wa shuleni. Mwaka 2010 watafiti Marekani walitoa utafiti wa wanawake waliochomwa kwenye msuli wa ndita. Waliwasomesha sentensi kabla ya sindano na baada ya wiki mbili. Sentensi za furaha hazikubadilika, ila za huzuni na hasira walichukua muda zaidi kuzielewa. Tofauti yenyewe ilikuwa ndogo sana, sawa, ila najiuliza, mtoto anayelelewa na uso usiokunjika atajuaje mama amekasirika? Na shosti wako atajuaje umeumia?

Halafu njoo kwenye usalama. Marekani mwaka 2009 waliamuru dawa hizi ziwekewe onyo zito, kwamba zinaweza kusambaa mbali na ulipochomwa, mtu akashindwa kumeza au kupumua vizuri, masaa au hata wiki kadhaa baadaye. Mwaka 2024 huko huko, watu 22 kwenye majimbo 11 waliripotiwa kupata madhara. Wengine walichomwa na watu wasio na leseni, wengine majumbani au sehemu za urembo, na dawa feki ilikutwa. Kama kwao imepenya, hapa kwetu chumba cha nyuma cha saluni nani anakikagua? TMDA kazi yao ni kukagua dawa, ila hawawezi kukaa kwenye kila mkoba unaozunguka mjini. Mkorogo wenyewe umepigwa vita miaka yote na bado unauzwa.

Kwa hiyo msimamo wangu huu hapa. Mtu mzima akitaka kuchoma, uso ni wake na hela ni yake. Aende kwa daktari aliyesajiliwa, aione chupa ikifunguliwa mbele yake, aulize kope likishuka atampigia nani usiku. Akijibiwa kwa kubabaishwa, ainuke aondoke. Dawa siigombi. Nagombana na uongo.

Na mastaa wetu, nawaomba. Semeni "nachoma", basi. Hakuna atakayewala. Mkisema maji na usingizi, kuna mdada Temeke anakunywa maji miezi miwili anajiona ana kasoro, halafu anaishia chumba cha nyuma kutafuta uso ambao ninyi mmeununua kwa daktari.

Upande wangu, ile posti nimeifuta leo asubuhi. Kuanzia sasa, nikiona uso hauna mstari na mwenyewe anasema amezaliwa hivyo, sitaandika siri ya urembo. Nitaweka picha, ninyamaze.

Haya, uwanja wenu. Nani ameshachoma na anaendeleaje baada ya miaka? Majina ya watu sitaki. Na mniambie ukweli, ukimwona shosti wako kaanza, unamwambia au unampa laiki?