Reli ya Kati na Mizabibu ya Dodoma: Watoto Waonyeshwe Jasho, Siyo Picha Tu

Kwa miaka mingi mtu aliyetaka kwenda Dodoma kwa reli kutoka Dar es Salaam alijua kwamba atalala njiani. Garimoshi liliondoka jioni, likapita Morogoro gizani, na abiria wakaamkia katika mbuga za Ugogo, macho yamejaa vumbi na usingizi. Tangu tarehe 25 Julai, 2024 hali hiyo imebadilika. Treni ya umeme iliyoanza safari siku hiyo huwafikisha abiria Dodoma kwa muda usiotimia saa nne. Kwa hiyo limewezekana jambo ambalo wazee hawakulijua: baba, mama na watoto kuondoka Dar es Salaam alfajiri, kuitembelea Dodoma, na kurudi kulala nyumbani kwao usiku ule ule.

Jambo hilo ni jema, na watumishi wengi wa Serikali na walimu wamekwisha kuanza kulizungumza. Lakini hapana budi kuuliza swali moja mapema, kabla mazoea hayajaota mizizi. Familia hiyo ikifika Dodoma itaonyeshwa nini, na nani atakayefaidika kwa kuionyesha?

Dodoma inavyo vitu viwili ambavyo si rahisi kuviona pamoja mahali pengine nchini: reli kongwe ya mkoloni na mashamba ya mizabibu. Vyote viwili vililetwa na wageni, na vyote viwili vimesimama mpaka leo kwa jasho la wenyeji. Matembezi yatakayowafunulia watoto jasho hilo yatakuwa shule. Matembezi yatakayolificha yatakuwa anasa tupu, na familia itarudi nyumbani na picha tu.

JASHO LA RELI

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, mwaka ule ule ambao wananchi wa kusini waliinuka katika Vita vya Maji Maji kuupinga utawala wa Wajerumani. Kampuni ya Kijerumani ya Philipp Holzmann ndiyo iliyopewa kazi hiyo. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kwa sehemu kubwa ilifuata nyayo za misafara ya zamani iliyotoka pwani kwenda Ujiji, ambamo wapagazi walibeba pembe za ndovu mabegani na kupita Ugogo kwa kulipa hongo kwa watawala wa njiani. Wahandisi waliichora reli katika karatasi. Walioichimbia udongo, walioyabeba mataruma na kuyapasua mawe, walikuwa Waafrika, na majina yao hayakuandikwa katika jiwe la stesheni yoyote.

Mtoto anayepita kasi ndani ya behewa lenye ubaridi hawezi kuyajua hayo kwa kutazama dirishani. Hana budi kushushwa, apelekwe penye stesheni ya zamani, aguse taruma la chuma, aelezwe kwa nini reli ya zamani ni nyembamba, upana wake mita moja tu, na kwa nini ile mpya ni pana zaidi. Aelezwe pia habari za mafuriko ambayo mara kwa mara yameikata njia kati ya Kilosa na Gulwe, na habari za tarehe 24 Juni, 2002, siku ambayo treni ya abiria ilirudi nyuma katika mteremko karibu na Igandu, ikaigonga treni ya mizigo, na watu 281 wakapoteza maisha yao. Historia ya reli siyo king'ora na moshi tu. Imo ndani yake misiba ya watu, na mtoto asiyeijua misiba hiyo hataelewa kwa nini fundi wa breki anastahili heshima.

Wapo wanaosema kwamba nchi yenye mahitaji mengi haina fedha ya kutunza vyuma chakavu. Hoja hiyo isidharauliwe, kwa maana inatolewa na watu wanaoijua bajeti. Hata hivyo, taifa hili limekwisha kuonja hasara ya kutotunza. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilijenga reli ya kusini kutoka pwani kuelekea Nachingwea kwa ajili ya ule mpango mkubwa wa karanga. Mpango ulishindwa vibaya, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli yenyewe ilifungwa na kung'olewa. Leo mwalimu wa Nachingwea anayetaka kuwafundisha wanafunzi wake jinsi mipango ya mkoloni ilivyoweza kuanguka hana hata stesheni inayofanya kazi ya kuwaonyesha. Amebaki na maneno matupu.

Majirani nao wanatoa funzo. Mjini Nairobi ipo Makumbusho ya Reli iliyoanzishwa mwaka 1971, wakati reli za Afrika Mashariki zilipokuwa bado chini ya shirika moja. Humo zimehifadhiwa injini mbili kubwa za mvuke zilizopewa majina ya milima, Mount Gelai na Mount Shengena. Milima yote miwili iko Tanzania. Mtoto wa Same anayeuona mlima Shengena kila asubuhi hana budi kuvuka mpaka ili aione injini iliyobeba jina la mlima wa kwao.

Wala isidhaniwe kwamba kazi ya kuhifadhi ni ya Serikali peke yake. Katika nchi ya Wales iko reli ndogo ya Talyllyn, iliyojengwa katika miaka ya 1860 kwa ajili ya kubeba mawe ya kuezekea. Mwenye reli hiyo alipofariki mwaka 1950, ilibaki kidogo tu ife. Wananchi wa kawaida wakaunda chama, na mwaka 1951 wakaanza kuiendesha wenyewe kwa kujitolea. Watu waliokuwa na kazi zao za wiki nzima walikuja siku za mapumziko kukata majani, kubadilisha mataruma na kukata tikiti. Hiyo ndiyo reli ya kwanza duniani kuokolewa kwa njia hiyo, na mpaka sasa familia huipanda. Watanzania wanaojua kuchimba msingi wa shule kwa nguvu zao hawashindwi kuokoa stesheni moja.

Reli ya Kati ya zamani haijafa, kwani bado inabeba mizigo. Ndiyo sababu huu ndio wakati wa kuamua. Kitu kinachotumika ni rahisi kukitunza kuliko kile kilichokwisha kuuzwa kwa kilo.

JASHO LA MZABIBU

Kutoka penye reli familia itakwenda shambani. Mizabibu ililetwa Dodoma na wamisionari wa Kikatoliki, na jina la Bihawana halitengani na habari hiyo. Leo hustawi Hombolo, Mpunguzi, Chinangali na vijiji vingine vingi, katika nchi kavu ambayo kwa karne nyingi ilijulikana kwa uhaba wa mvua na kwa njaa. Mkoloni alizoea kuitazama Ugogo kama mahali pa kupita tu. Mzabibu umethibitisha kwamba ardhi ile ile inaweza kuzaa tunda ambalo sehemu nyingi zenye mvua tele haziliwezi.

Mwalimu wa sayansi atapata hapo somo lisilopatikana katika kitabu chochote cha Ulaya. Huko Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na huzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma haina baridi ya kuulaza. Mkulima ndiye anayeuamsha kwa mkasi wake: akishaupogoa, unachipua upya, na kwa njia hiyo huvuna mara mbili kwa mwaka. Katika kiwanda watoto wakubwa wataelezwa jinsi hamira inavyoigeuza sukari ya zabibu kuwa kileo, na jinsi rangi nyekundu ya mvinyo inavyotoka katika ganda la tunda na siyo katika maji yake.

Hapa pana wazazi watakaonung'unika, na wanayo haki. Yafaa nini kumpeleka mtoto mahali panapotengenezwa pombe? Jibu ni kwamba mtoto anapelekwa kuona kilimo na kazi. Zabibu huliwa mbichi, hukaushwa, na hutolewa maji matamu ambayo kila dini na kila umri huruhusu. Meza ya kuonja mvinyo iwe mbali na watoto, iwe ya watu wazima wanaotaka, tena kwa kiasi. Kiwanda kisichoweza kuitimiza kanuni hiyo hakifai kupokea familia.

ONYO KUTOKA KUSINI

Nchi ya Afrika Kusini imetangulia sana katika mambo haya. Njia ya kutembelea mashamba ya mvinyo ya Stellenbosch ilianzishwa mwaka 1971, na huko Franschhoek wageni hupelekwa kutoka shamba hadi shamba kwa tramu inayotumia reli ya zamani. Ni matembezi mazuri, na yameleta fedha nyingi. Lakini mashamba ya jimbo hilo yana historia chungu. Kwa vizazi vingi wafanyakazi wake walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, desturi iliyoitwa dop, nayo ikawafanya watumwa wa ulevi, wao na watoto waliozaliwa na mama zao. Mgeni anayetazama safu za mizabibu na nyumba nyeupe za mabwana haioni historia hiyo asipoelezwa. Huo ndio mfano wa matembezi yanayoweza kulificha jasho.

Tanzania inayo nafasi ya kuanza vizuri zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya mizabibu ya Dodoma iko mikononi mwa wakulima wadogo. Mkulima huyo ndiye anayepaswa kuwa mwenyeji wa wageni. Yeye ndiye anayejua kwamba zabibu iliyoiva haingoji. Mahindi huwekwa ghalani hata bei ipande, bali zabibu ikikosa mnunuzi kwa siku chache huoza, na mkulima hulazimika kuikubali bei yoyote atakayotajiwa. Familia mia zinazofika kijijini na kununua zabibu, maji yake na chakula cha mchana kwa mama lishe haziwezi kuchukua nafasi ya kiwanda. Hata hivyo zinampa mkulima mnunuzi wa pili, na mwenye wanunuzi wawili hazungumzi kwa sauti ya mnyonge.

Linabaki suala la gharama. Nauli za treni ya umeme zilipotangazwa mwaka 2024, daraja la kawaida kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma lilikuwa Sh. 31,000 kwa mtu mzima, na nusu yake kwa mtoto. Mwalimu mwenye mke na watoto wawili wadogo angehitaji Sh. 186,000 kwa kwenda na kurudi tu, kabla hajanunua hata chupa ya maji. Wapo wanaoweza kuzitoa. Walimu wengi wa shule za msingi hawawezi, nao ndio wanaohitajika zaidi katika safari hiyo, kwa kuwa kila mmoja wao akirudi huwasimulia watoto arobaini au zaidi darasani. Yafaa basi shirika la reli, halmashauri za Dodoma na vyama vya wafanyakazi vikae pamoja na kupanga siku maalumu katika mwaka, hasa wakati wa likizo na wa mavuno, ambapo familia za wafanyakazi na makundi ya wanafunzi watasafiri kwa nauli nafuu, wakipokelewa na vijiji vilivyojiandaa.

Kwa upande wao wafanyakazi wastaafu wa reli wasingoje kuitwa. Wapo bado Dodoma, Tabora na Morogoro wazee waliokuwa madereva wa injini, wapangaji wa njia na walinzi wa stesheni. Kila mwaka idadi yao inapungua. Kumweka mmoja wao penye stesheni ya zamani siku ya Jumamosi, na kumlipa posho ya haki ili awaeleze watoto kazi aliyoifanya, ni gharama ndogo kuliko kibao kimoja cha matangazo.

Treni imekwisha kufika Dodoma, na mizabibu inaendelea kuzaa. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba mtoto atakaporudi Dar es Salaam usiku, akiwa amechoka na mikono yake inanata kwa utamu wa zabibu, akiulizwa alichokiona aweze kutaja, pamoja na mwendo kasi wa treni, jina la mkulima aliyemshikisha mkasi na la mzee aliyemwonyesha taruma.