Safari ya Siku Moja: Dereva Awe wa Wapi?

Kila mwaka inapofika zamu ya darasa kutoka nje kwa safari ya siku moja, sisi hushindana juu ya mambo mawili tu: twende wapi, na itagharimu shilingi ngapi. Sijasikia hata mara moja mtu akisimama katika mkutano wa chama chetu cha Kiswahili na kuuliza, "Je, dereva atakuwa nani?" Dereva huonwa kuwa sehemu ya gari, kama usukani au gurudumu la akiba. Mimi nasema kuwa hilo ndilo swali la kwanza, na mengine yafuate. Nimekwenda mahali pamoja mara mbili, kwa madereva wawili, nikarudi na elimu mbili zisizofanana hata kidogo.

Watazameni kwanza abiria wa meli za matembezi zinazofika Mombasa na Unguja. Mara nyingi meli huingia bandarini asubuhi na kuondoka siku ile ile jioni, na abiria ana saa chache tu za kuiona nchi ambayo pengine hatairudia maishani. Wako wanaopanda mabasi makubwa waliyotengenezewa tangu wakiwa melini. Hao hupelekwa Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, husimuliwa habari zake kwa haraka, kisha hurudishwa. Wako na wengine watokao langoni kwa miguu yao, wakapatana na dereva wa mjini awavushe Likoni, awafikishe vilima vya Shimba katika Kwale, makao ya palahala, mnyama ambaye katika Kenya nzima haonekani porini ila huko.

Kule Unguja dereva huwapeleka mashamba ya karafuu. Ikiwa dereva mwenyewe ni mtoto wa shamba, hataridhika kusema, "Huu ni mkarafuu." Atachuma jani, alifikiche, amnusishe mgeni. Atamweleza kuwa mti huu uliletwa kutoka ng'ambo, ukaenezwa zama za Sayyid Said, na kwamba kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi sana ya Unguja. Kisha huenda akampitisha kwa shangazi yake anywe maji ya dafu. Abiria wa basi ameona miti. Huyu wa pili amefika kwa watu. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," lakini mgeni naye hapati kitu asipompata mwenyeji.

Sisi wa Mbarara hatuna bahari wala meli. Lakini shida ya abiria yule tunayo: siku moja tu, na nchi kubwa. Na bandari yetu ni mitaa kama Nyamityobora, wanakokaa madereva wanaokwenda mashambani na kurudi kila siku ya Mungu. Hebu nieleze jinsi nilivyojifunza jambo hili, na haikuwa bila aibu.

Mara ya kwanza darasa letu lilikwenda Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyo katika Wilaya ya Isingiro, kiasi cha kilometa 60 kutoka mjini. Tulikodi basi kubwa kutoka mbali, maana bei yake ilikuwa nafuu kwa kila kichwa. Dereva alikuwa mtu wa adabu na gari alilijua vizuri. Njia aliiuliza, akafika. Lakini kule tulikofika hakumjua hata mtu mmoja, na hakuna hata mtu mmoja aliyemjua yeye. Basi alifanya lile aliloweza: alitupitisha polepole katikati ya soko, madirisha yakiwa wazi, nasi tukatoa simu zetu na kupiga picha za watu, nyumba, na watoto waliotukimbilia. Mama mmoja aliyekuwa akiuza maharage alitutazama, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Mmechukua sura yangu, na jina langu hamkuuliza." Basi likaendelea. Saa 9 tulikuwa tumerudi shuleni, na insha zetu zote zilisema neno moja: kwamba wakimbizi ni wengi na wana taabu.

Jambo lililoniuma nililijua baadaye. Ndani ya basi lile alikuwamo mwanafunzi mwenzetu ambaye kwao ni Nakivale. Tulipokuwa tukipiga picha majirani zake, yeye alikuwa ameinamisha kichwa, amejifanya amelala. Hatukujua, kwa kuwa hatukuwahi kumwuliza likizo huwa anakwenda wapi.

Mara ya pili tulikuwa wachache, nasi tulikodi teksi moja ya viti 14. Dereva alikuwa mzee wa Nyamityobora, ambaye kwa miaka mingi amechukua wafanyabiashara kwenda Nakivale siku za soko, na kurudi nao wakiwa na mahindi na maharage. Kabla ya kuwasha gari alitupa masharti matatu. La kwanza, tuondoke saa 12 na nusu asubuhi, kwa kuwa mchana watu huwa mashambani au wamechoka. La pili, simu zikae mfukoni mpaka tuwe tumeamkiana na watu na kuomba ruhusa. La tatu, tusiwatupie watoto peremende dirishani. Alisema, "Kuku ndio hutupiwa."

Njiani alitusomesha kuliko kitabu. Katika vilima vya Isingiro alitusimamisha mbele ya migomba iliyofunika milima, akatueleza jinsi ndizi zile zinavyopakiwa malori kwenda Kampala, na jinsi bei inavyoanguka mvua ikiwa njema kwa wote. Tulipoteremka tukaona migomba inapungua na nyasi kavu zinaanza, na ng'ombe wenye pembe ndefu. Alituuliza maji tunayokunywa mjini yanatoka wapi. Tukajibu kuwa ni Mto Rwizi. "Basi," akasema, "mto huo ukitoka kwenu huteremka huku kwenye maziwa, Mburo na wenzake. Mkitupa taka mjini, mjue mmewatupia watu wa huku." Somo hilo la jiografia sitalisahau.

Tulipofika, dereva alimgeukia yule mwenzetu aliyeinamisha kichwa safari ya kwanza, akamwambia, "Haya baba, kwenu umefika. Tuongoze." Tukashangaa. Kumbe kila mwanzo wa muhula ndiye aliyemleta mjini na sanduku lake la bati! Dereva alimjua kuliko sisi tuliolala naye bweni moja.

Tangu hapo tulikuwa na wenyeji wawili. Mwenzetu alitupeleka kwa mama yake, tukaketi chini ya mti, tukala ugali na samaki wa ziwani. Mama alizungumza Kiswahili cha Kongo. Aliposema "batoto" mahali petu pa "watoto," mmoja wetu alicheka. Dereva hakumkaripia. Alimwuliza tu, "Mama huyu anasema lugha tano. Wewe unazo ngapi?" Kicheko kikaisha. Nasi ambao tulidhani Kiswahili ni somo la mtihani tu, au kama wasemavyo baadhi ya watu hapa Uganda kwamba ni lugha ya askari, tulikikuta ndicho kilichowaunganisha sokoni Mkongo, Mrundi na muuza duka Msomali. Serikali ilipoamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, wengi tulinung'unika. Siku ile niliona faida yake kwa macho yangu.

Tulijifunza pia habari ambazo kupitia dirishani tusingezipata. Makazi haya si ya jana. Yalifunguliwa mwaka 1958, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960, na wa kwanza kukaa humo kwa wingi walikuwa Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya mwaka 1959. Leo wamo zaidi ya watu laki moja kutoka nchi nyingi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 huwapa ruhusa ya kufanya kazi na kutembea nchini, na desturi ni kwamba familia hupewa kipande cha ardhi ilime. Lakini mama alitueleza kuwa watu wakizidi, vipande hupungua, na kwamba mgao wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2023, shamba dogo likawa ndilo tegemeo. Hakulia wala hakuomba. Alitueleza kama mtu amwelezavyo jirani bei ya chumvi.

Najua yatakayosemwa dhidi yangu. Wa kwanza atasema kuwa heri tusiende kabisa, maana wakimbizi si wanyama wa mbuga watazamwe. Namheshimu msemaji huyo, lakini sikubaliani naye. Tusipokwenda, watu walio kilometa 60 tu kutoka kwetu, ambao watoto wao tunasoma nao, watabaki kuwa hadithi. Ubaya haukuwa katika kwenda, ulikuwa katika kwenda bila kuteremka garini na bila mtu wa kututambulisha.

Wa pili atasema kuwa basi kubwa ni nafuu na ni salama. Kweli, teksi mbili hugharimu zaidi ya nusu basi. Lakini tukichukua wanafunzi wachache kila muhula badala ya darasa zima mara moja kwa mwaka, gharama haitatushinda, na wenyeji hawatavamiwa na umati. Kuhusu usalama, dereva wa karibu naye akaguliwe kama mwingine: aonyeshe leseni, tairi zitazamwe, mikanda iwepo, na turudi kabla ya giza. Sisemi kuwa kila dereva wa mtaani ni malaika. Wapo waendao mbio, na bandarini kote wanajulikana wale wampelekao mgeni kwenye duka la rafiki ili wapate chao. Kwa hiyo kabla ya kupatana, tumwulize: Umekwenda huko mara ngapi? Utatusimamisha kwa nani? Watu wale wanajua kuwa tunakuja? Asiyeweza kujibu la pili, tumshukuru, tutafute mwingine. Tena tusisahau kuwa kundi la wageni lazima liombe ruhusa kwa Ofisi ya Waziri Mkuu, isimamiayo makazi hayo. Hilo ni kazi ya walimu wetu, wala si la dereva.

Neno moja kuhusu malipo. Ikiwa dereva ndiye mwalimu wa siku ile, yafaa alipwe kama mtu aliyefanya kazi mbili. Bei ipatanwe mapema, isibanwe mpaka apate hasara ya mafuta, na wakati wa chakula asiachwe garini na soda moja huku sisi tukila. Siku ile mzee wa Nyamityobora aliketi nasi chini ya mti, na nusu ya tuliyojifunza ilitoka katika mazungumzo yake na mama yule wakati wa kula.

Kwa hiyo natoa shauri kwa kamati ya safari. Safari ijayo ya Nakivale iwe ya magari madogo mawili na madereva wa hapa hapa, na wanafunzi wenye kwao huko waulizwe kwanza kama wangependa tuende, na kwa nani. Wakikataa, tuwaheshimu, twende kwingine. Nanyi wazee wetu mliosoma hapa zamani, ambao baadhi yenu huenda mlikulia Nakivale wenyewe, tusaidieni kwa mafuta ya gari, na zaidi ya mafuta, tusaidieni kwa majina ya watu wa kuwasalimia.

Yule mama muuza maharage nilimtafuta siku ya pili. Nilimwamkia, nikamwomba radhi kwa ile picha, nikamwuliza jina. Alinitajia, akaniuliza langu, kisha akanipimia maharage na kuniongeza konzi moja. Jina lake sitaliandika hapa, kwa kuwa sikumwomba ruhusa ya kulichapa gazetini. Haya ndiyo maoni yangu. Mwenye maoni mengine na aandike, Mhariri atampa nafasi.